Mbio za Kufukuzana Uwanjani Kampala

Nilikwenda Kampala kutafuta kazi. Chama kimoja cha waendesha baiskeli kilitaka mwanamke mmoja wa kukiwakilisha mashindanoni. Angepewa chumba na mshahara. Kati ya walioomba tulikuwa tumebaki wawili, na mbio ndizo zingeamua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nyumbani Lira nilikaa bure.

Alfajiri baba alinipandisha lori la pamba, baiskeli ikafungwa juu ya marobota.

Kwenye daraja la Karuma wanajeshi walitushusha.

"Hii baiskeli ya nani?"

"Yangu, afande. Naenda mbio za kufukuzana."

"Unafukuza nani?"

"Mwanamke mmoja. Sijamwona bado."

Mmoja akacheka. "Hata sisi, wengine tunawafukuza tu, hatuwajui. Haya, pita."

Jioni nilifika Kampala, mtaa wa Kisugu, kwa shangazi. Mumewe aliitwa kazini, na hii ilikuwa wiki ya tatu hajarudi. Shangazi aliandaa sahani tatu, tukala wawili.

"Kesho utakuja kunitazama?"

"Mwanangu, na akirudi akute mlango umefungwa?"

Saa nne asubuhi nilikuwa uwanjani bila mtu wa kwetu. Njia ilichorwa kwa chokaa juu ya nyasi. Mpinzani wangu, mama Mkongo anayeuza vitenge Bukoto, alisimama ng'ambo, mbali hata sikuona uso wake. Tungezunguka mara kumi. Ukimpita mwenzako, umeshinda; msipopitana, anashinda anayemaliza kwanza.

Mzunguko wa saba nikaufikia mgongo wake. Shingo yake ilikuwa ya mtu mzima, rika la shangazi. Miguu ikapunguza mwendo yenyewe.

"Jambo, mama. Pole na safari."

Akashtuka. "Jambo gani? Kanyaga, wewe!" Akachomoka. Nilijaribu kumfuata, lakini pumzi ilikwishapotea. Alimaliza kabla yangu.

Baadaye alinijia akihema. "Mtoto, ulishanifikia. Juu ya nini ulinisalimia?"

"Kwetu hatumpiti mtu mzima kimya kimya."

Alicheka sana, halafu akaacha. "Miaka minne niko mji huu. Hakuna mtu aliniambia pole na safari." Watu wa chama wakamwita kutia sahihi mkataba wa kazi, akaenda.

Kesho yake nilirudi Lira, nyuma ya lori tupu. Njiani niliona kwamba kumsalimu mtu ni mwanzo tu, na mimi niliishia mwanzoni. Jioni baba aliniuliza, "Nani amekushinda?"

Sikuwa na jina la kumpa.