Kiu ya Waogeleaji

Katika kambi yetu ya mazoezi ya wapigania uhuru, porini nyuma ya Mbau, vijana wa pwani walijiona wamezaliwa na maji. Sisi wasichana wa kutoka juu, kwenye uwanda, tulitembea na mizigo kichwani tangu asubuhi. Wao waliogelea kwenye mkono wa bahari, wakisukuma masanduku juu ya mianzi iliyofungwa pamoja. Kila mtu alipewa kibuyu cha maji. Kaka mmoja wa pwani, mwenye maneno mengi, akatugawia chake. Alisema mtu anayeshinda majini hawezi kuona kiu. Tulimshukuru, tukanywa.

Kwetu juu maji yako mbali. Mama zetu hushuka bondeni kuyachota, na mtoto hufundishwa kunywa kabla ya safari, kisha kidogo kidogo njiani, asingoje koo likauke. Yule kaka aliona hayo ni mambo ya kishamba.

Mwalimu alikuwa ametundika mtini mizani ya kupimia korosho. Tulikaa ndani ya gunia tukaning'inia, kabla ya mazoezi na baada yake. Atakayepungua sana hatavuka bahari kupeleka mzigo kwa wapiganaji. Na kaka yule alitaka kuvuka kuliko sote, kwa kuwa mzigo ulikuwa unapelekwa kwao, ambako alimwacha mama yake vita vilipoanza. Hakujua kama yu hai.

Siku ya kwanza alitoka majini akaingia guniani na kaptula inayochuruzika. Hata hivyo alikuwa mwepesi kuliko asubuhi. Akadai mizani imeliwa na chumvi. Mwalimu akamweleza kwamba mwili hutoa jasho hata baharini, ila bahari hulichukua kabla hujaliona, na kwamba kukaa majini humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Sote tukageuka kutazama maji aliyoshinda ndani yake. Yeye akatazama miguu yake.

Jioni misuli ilimkaza hata akashindwa kuchuchumaa. Akanijia akichechemea, kiburi kimemwisha.

"Dada, nifundishe kunywa."

Nilimfundisha, na sikumhurumia. Nilimsimamia kama mtoto anayekataa uji, anywe kabla ya kuingia majini, na kibuyu akifunge juu ya mzigo wake. Wenzake walimcheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kuvifunga vyao.

Asubuhi ya uteuzi aliogelea kwenda na kurudi, akaingia guniani, akafumba macho. Mwalimu alisoma mizani, akasoma tena, kisha akamwambia atavuka. Kaka akabaki ananing'inia guniani, machozi yanamtiririka, wala hakujificha.

"Kamarada, zuia machozi," nikamwambia. "Mwalimu bado anatazama mizani, utapungua."

Akacheka huku analia. Mimi sikuwa kwenye mizani, nikalia nilivyotaka.