Radojka Agoma Kutaja Vyumba

Radojka Vukašinović hakuwa mtu wa migomo. Katika kiwanda chetu cha majokofu, nje kidogo ya mji wa Čačak, kazi yake ilikuwa mtandao: waya, kompyuta, na zile swichi za kugawa mawasiliano, zinazomemeteka taa za kijani ndani ya makabati ya chuma. Sisi tukipiga kelele getini, yeye yuko zake juu ya ngazi, koleo mdomoni.

Vuli ile mwenye kiwanda akatangaza kuifunga karakana ya rangi. Chama chetu cha wafanyakazi kikaitisha mkutano kantini, lakini wengi tulikatazwa kuacha mashine. Mwenyekiti, Slađana, akamwomba Radojka aweke kamera ili picha ifike kwenye kompyuta zote.

"Haitajaza mtandao mzima?" Slađana aliuliza.

"Wala! Picha inatoka mara moja tu. Anayetaka kuona, kompyuta yake inaomba. Swichi inachungulia ombi, inakumbuka limetokea tundu gani la waya, inapeleka picha huko tu. Kila baada ya muda mnaulizwa, bado mpo? Asiyejibu anafutwa."

Mkutano ulipoanza tu, mkurugenzi Bulatović aliingia chumbani kwa Radojka, uso umemwiva.

"Nani wanatazama?"

"Wafanyakazi, mkurugenzi."

"Usinichezee. Tundu gani, chumba gani? Si swichi zako zinakumbuka? Nitolee. Hao ndio watatangulia kwenda nyumbani."

Alitusimulia baadaye kwamba alilaza koleo mezani kwanza, ndipo akajibu.

"Sitoi."

"Basi Krstivoje, fundi wa ile kampuni ya kompyuta tuliyoikodi, atasoma mwenyewe. Yuko hapo chini anaegesha gari."

Akatoka kumfuata. Radojka akageukia kompyuta yake, akazima ule uchunguliaji, swichi moja baada ya nyingine. Sasa hakuna swichi iliyojua nani ameomba. Picha ikamwagika kwenye kila tundu: karakana, stoo, mashine za kuchapa, hata kibanda cha mlinzi. Mtandao ukaanza kujikokota, na wahasibu wakasikika koridoni wakilaani.

Krstivoje alifika, akatazama, akajikuna shingo.

"Hapa hamna kitu, bosi. Kila tundu linapokea."

"Hata la kwangu?"

"Hata lako, mkurugenzi," Radojka alisema. "Ukitaka kufukuza waliopokea, anza na wewe."

Krstivoje akainama haraka, akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Rudisha kama ilivyokuwa!" Bulatović akafoka.

"Mkutano ukiisha."

"Unajua nitakachokufanya?"

"Najua. Fanya. Jina la mtu hutalipata kwangu."

Wiki haikuisha, Radojka akahamishiwa ghalani kubandika lebo kwa gundi kwenye maboksi. Karakana ya rangi haikupona yote, nusu ilifungwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyefukuzwa kwa kuutazama mkutano.

Huko ghalani akajiunga na chama, na uchaguzi wa viongozi wa chama ulipokaribia akajiandikisha kugombea. Bulatović akamtuma katibu wake na ujumbe: Radojka ajitoe, arudishiwe chumba chake na mshahara wake wa zamani.

Slađana alikuwepo, wanakula burek, ule mkate wa matabaka wenye nyama, kwenye boksi tupu. Radojka hakutaka hata kusimama.

"Mwambie nimeshazoea gundi," alisema huku anatafuna. "Na mwambie jina langu kwenye karatasi ya kura ni la tatu kutoka juu, asije akahangaika kulitafuta."

Ghala zima lilimpigia kura, na waliobaki kwenye rangi pia.