Neno la Kumrejea Bi Mwamvita

Bi Mwamvita binti Salehe, mkazi wa Tandika, Temeke, alipewa talaka moja baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa. Hapakuwa na ugomvi. Mumewe Mfaume, dereva mstaafu wa winchi bandarini, alimkabidhi karatasi akasema, "Humu ndani tumebaki kama wapangaji, Mama Twaha." Bi Mwamvita hakuweza kumpinga. Hata yeye hakukumbuka ni lini walizungumza jambo lisilohusu umeme wala maji.

Kwa sheria ya dini yao, mwanamke wa umri wake hukaa eda ya miezi mitatu katika nyumba ya mumewe, na katika muda huo mume anaweza kumrejea kwa neno tu. Eda ikiisha, ruhusa hiyo nayo imekwisha. Bi Mwamvita akahamia chumba cha uani. Aliendelea kukaanga vitumbua vya kuuza barazani kila asubuhi, ila hakumpikia Mfaume. Moyoni alitamani kurejewa, lakini si kama mtu anavyorudisha ndani kiti alichokisahau nje.

Wiki ya pili, Mfaume alijitokeza kwenye foleni ya vitumbua, bakuli mkononi.

"Bi Mwamvita, naomba vinne."

"Subiri zamu yako."

Zubeda, jirani yao, akaangua kicheko. "Makubwa! Miaka yote unaletewa hadi kitandani, leo unapanga foleni na sie?"

"Niache bwana, Zubeda. Mie mteja."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mwanzoni alitaja idadi tu. Baadaye akawa anabaki wateja wakishaondoka, akiuliza kwa nini mchele hulowekwa kabla ya kusagwa, jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Siku moja akakiri kwamba miaka sita ya kwanza kazini alikuwa akiogopa kule juu kwenye winchi.

"Hata mimi hukuniambia!"

"Ulikuwa unanisifu mtaa mzima. Ningeanzia wapi?"

Bi Mwamvita alicheka hadi upawa ukamponyoka.

Hata hivyo siku zilikatika, na lile neno halikusemwa. Zilipobaki siku mbili, Bi Mwamvita alianza kufunga mabegi. Ndipo Mfaume akakohoa mlangoni.

"Naweza kukurejea sasa hivi, na sheria hainidai idhini yako. Ila mie naitaka. Bado unanitaka?"

"Ule ukimya siutaki tena, Baba Twaha."

"Hata mie ulinichosha. Nilidhani umenichoka wewe."

Bi Mwamvita akaliacha begi. "Basi usiliseme hapa mlangoni, kama mtu aliyekuja kuazima ndoo. Kalete mashahidi wawili."

Alasiri ile ile wazee wawili wa mtaa waliketi ukumbini. Mfaume, ndani ya kanzu aliyoipiga pasi vibaya kwa mkono wake mwenyewe, akatamka kwa sauti iliyofika barabarani: "Nimemrejea mke wangu, Mwamvita binti Salehe!"

Mzee mmoja akageuka. "Nawe mama, umeridhika?"

Bi Mwamvita alinyoosha shingo. "Nimeridhika. Nilipoolewa, baba alinisemea. Leo nimejisemea mwenyewe."

Kigelegele cha Zubeda kikapasuka dirishani, na nyumba ya pili wakakipokea kabla hata hawajajua kuna nini.