Taa ya Mto Ilipomwanika Mama Mkwe

Enzi zetu huku Magwagwa, wenzangu wa rika, umeme ulikuwa wa kwetu wenyewe. Mhindi mmoja mwenye duka alichepusha maji ya mto kwa mfereji, yakazungusha mtambo mdogo, nyaya zikaleta mwanga sokoni na kwetu pia, maana mfereji ulipita shambani mwa Baba. Bwawa halikuwepo. Mto ukikonda, giza, ukinenepa, taa. Nyumbani hatukuwa na swichi, kuzima ni huko huko mtoni.

Kiangazi kile tulirudia koroboi hadi tukaisahau balbu. Ndipo jioni moja akaja Onchari na watu wake kumposa dada yangu Kemunto. Mnaijua chinsoni, ile heshima yetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kuonana wakila. Mama akajibanza kwenye kona ya giza, kitambaa cha kichwa kimemteleza, anatafuna shingo ya kuku kwa raha zake.

Kumbe huko juu mvua imenyesha! Balbu ikawaka kama majua matatu. Nilidhani Yesu amerudi. Onchari, bawa mdomoni, akagongana macho na Mama. Mama akapiga yowe lililowafanya kuku bandani wazimie, akajifunika ungo, upepo wake ukazima koroboi.

"Wameonana!" mjomba wa Onchari akasema, anavaa koti. "Hapa hakuna ndoa tena. Twendeni."

Sote tuliganda, ila Kemunto. Aliteremka mbio, sketi mkononi, nami nyuma yake, hadi kwa Mzee Nyakundi, mlinzi wa mtambo.

"Mzee, funga maji!"

"We msichana! Soko zima likae gizani kwa sababu ya kuku wenu?"

"Kwa sababu ya mume wangu!"

Mzee akacheka hadi kofia ikaanguka, akashusha lango la mbao. Giza likafika, nadhani, hata Marani.

Tuliporudi, wageni walikuwa bado mlangoni wakipapasa viatu vyao.

"Bwana," Baba akamwambia mjomba, "kuna mtu ameona mtu hapa?"

Mjomba akapunga mkono mbele ya uso wake: "Mimi hata mkono wangu siuoni."

"Basi keti, tumalize maneno ya ng'ombe."

Akaketi. Kemunto akaolewa.

Siku hizi? Mkwe anaingia jikoni, anafunua sufuria, anapiga selfi na mama mkwe mashavu yamegusana! Nabaki mdomo wazi. Na umeme sasa unatoka mbali, sijui wapi. Msichana akikwama leo, hana wa kumkimbilia amzimie dunia kidogo.