Makaroni ya Dakika Tatu

Katoni mbili za makaroni zilifika kwa shangazi yangu bila yeye kuziagiza. Alikuwa ameagiza unga wa ngano wa mandazi. Mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kigoma karibu kila wiki ndiye alikuwa akimletea bidhaa, na siku hiyo aliingia na katoni kichwani, akazitua juu ya meza na kukaa bila kukaribishwa.

"Unga hakuna," alisema. "Nimepata hizi. Kule kwetu tunaita tambi. Unamwagia maji moto, unangoja dakika tatu, unakula."

Shangazi akamuuliza atarudi lini.

"Sijui, ndugu yangu. Mwenye boti anasema safari hii ndiyo ya mwisho kwanza."

"Ya mwisho? Juu ya nini?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza mara ya pili."

Ilikuwa wakati wa vita ya pili. Ya kwanza ilipita Baraka, mji wetu wa upande wa Kongo wa ziwa, kama mvua ya mawe, ikapiga na kwenda zake. Ya pili ilikuja na kukaa. Wenye bunduki hawa walishika mji, wenye bunduki wale walishika milima, na sisi tulijifunza kutouliza nani yuko wapi wiki hii. Mimi nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu wa msingi, ila shule yetu ilikuwa imefungwa tangu askari walipolala madarasani na kufanya madawati kuni za kupikia. Kwa hiyo nilikuwa nikimsaidia shangazi, dada ya baba yangu, katika mgahawa wake karibu na soko. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Watu walikuja kwake kula bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani tunaowaita mikeke, wa kukaanga. Makaroni hatukuwahi kupika.

Siku ya kwanza aliyapika jinsi anavyopika sombe. Aliyatia sufuriani pamoja na kitunguu na mafuta ya mawese, akafunika, akaenda kununua chumvi. Aliporudi tulikuta uji mwekundu. Nikamwambia tufuate maandishi ya paketi. Maandishi yenyewe yalikuwa ya mbali, herufi kama vibanda vidogo vilivyobanana, lakini palikuwa na picha: bakuli, birika, na saa yenye alama ya tatu.

"Dakika tatu!" alisema shangazi. "Chakula kinaiva dakika tatu, nani alikuwa amekipika kwanza? Mi siwezi kulisha bantu kitu ambacho sijui kilifia wapi."

"Shangazi, mwenye kukitengeneza njo anajua."

"Mwenye kukitengeneza iko hapa? Akuye tuzungumuze."

Hivyo ndivyo ubishi ulivyoanza, nao ulitushika wiki nzima, kwa sababu ulikuwa ubishi usio na hatari. Hakuna aliyeweza kupelekwa popote kwa kusema makaroni yamwagwe maji au yabaki na mchuzi. Wavuvi waliokatazwa na wenye bunduki kuingia ziwani walikaa benchi la nje wakibishana kana kwamba ni kesi ya shamba. Mmoja alisema maji ya kwanza ni machafu, lazima yamwagwe. Mwingine akasema ukimwaga maji umemwaga chakula, yanayobaki ni kamba.

Hakimu wetu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa muganga wa zahanati huko Nundu kwa miaka mingi. Sasa alikuwa Baraka, amestaafu bila kupumzika, kwani wanawake wajawazito wa mtaa mzima walikuwa wakimwita. Alikuja kila mchana, akavua kofia, akala polepole, kisha akatoa hukumu kwa uso wa mtu anayesoma kipimo cha homa. Katoni zetu zilikuwa na paketi za aina tatu. Kuhusu ile yenye picha ya kuku alisema, "Kuku huyu hakutembea hata siku moja." Ile ya ng'ombe aliiita chumvi inayokumbuka nyama. Ya tatu ilikuwa na picha ya mdudu mwekundu mwenye ndevu ndefu, na hakuna aliyetaka kuigusa. Muganga aliila peke yake, akajifuta mdomo, akasema inanuka kama ndagala, dagaa wetu, waliosahauliwa ndani ya mtumbwi, lakini ndiyo bora kati ya zote.

Mtu wa mwisho kuingia katika ubishi huo alikuwa mama wa maziwa. Alitoka kwa familia za wafugaji wa milimani, ambao tangu vita ianze wengi mjini waliwashuku kuwa upande wa adui, na mara mbili kwa wiki alishuka na vibuyu vyake mgongoni. Yeye na shangazi walijuana tangu kabla ya vita. Alikuwa na kibuyu kimoja kidogo kilichokaa kwetu daima, kimeninginia kwenye msumari wa jikoni. Alichukua bakuli la makaroni, akaonja, kisha akamimina maziwa ndani.

"Mama!" Shangazi alishika kichwa. "Maziwa na mchuzi wa kuku?"

"Sasa njo chakula," alisema mama wa maziwa. "Mbele ilikuwa mayi ya kuoshea sahani."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Lakini niliona kwamba benchi la nje lilikuwa limenyamaza. Wavuvi wawili walisimama wakaenda bila kuaga, na mmoja, akipita mlangoni, akatema mate upande wa vibuyu. Mama wa maziwa alimaliza bakuli lake. Hakuharakisha.

Siku iliyofuata ya maziwa hakuja. Alikuja siku ya pili yake, mapema, bila kibuyu hata kimoja mgongoni. Alisimama jikoni na kuangalia msumari.

"Nimekuya kuchukua kile kidogo," alisema. "Inafaa nikitie moshi. Kimeanza kunuka."

Shangazi alikitoa msumarini, akakinusa. Niliona anataka kusema kwamba hakinuki. Akampa kwa mikono miwili.

"Utakirudisha?"

"Mungu akipenda."

Wakashikana mikono muda mrefu. Baada ya hapo shangazi alipika siku nzima bila kupaza sauti, na mtu akimuuliza kitu, ilibidi aulize mara mbili.

Mwanamume mmoja mgeni alianza kuja kula kwetu wiki hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, shati safi, viatu vya mpira. Alisema yeye ni mnunuzi wa ndagala, anapeleka Uvira. Siku tatu alikula kwetu, bugali na sombe, akikaa pembeni, mgongo ukutani, uso kwenye barabara. Alikuwa na adabu. Alimwita shangazi mama na kuniita mwalimu, ingawa sikumbuki kumwambia kazi yangu. Nilichoona mimi ni kwamba wachuuzi wa ndagala walipita mbele yake na beseni zao, naye hakuwahi kuuliza bei.

Siku ya nne, asubuhi, bugali ulikuwa bado jikoni. Muganga alikuwa amekuja mapema siku hiyo, ameketi na bakuli lake la makaroni akimweleza shangazi, kwa mara ya kumi, kwamba yakizidi dakika nne yanapoteza nguvu. Shangazi akamgeukia mgeni kama anayetafuta shahidi.

"We mutu wa safari, utuambie. Bengine banamwaga mayi, bengine banaacha. Yenyewe inapikwa namna gani?"

Mgeni akatabasamu. Akanyoosha mkono. "Letea mi moja."

Nilimletea paketi na birika. Birika alilisukuma kando. Aliweka paketi juu ya meza bila kuifungua, akaipiga kwa ngumi mara mbili, mara tatu, mpaka makaroni yakavunjika ndani. Kisha akachana pembe kwa meno, akakiopoa kifuko cha unga wa chumvi kwa vidole viwili, akamwaga unga ndani, akafunga mdomo wa paketi kwa kiganja na kutikisa. Akaanza kula kavu, akitafuna kama karanga. Alifanya yote hayo akiangalia barabara. Mikono yake haikuhitaji macho.

"Haipikwe," alisema. "Njo yenyewe hii, mama. Siye bote tunakula hivi."

"Na mayi moto iko hapa?" Shangazi bado alikuwa anatabasamu. "Juu ya nini ukule kavu?"

"Kule mu pori moto hawashi. Moshi inaonekana mbali."

Akacheka kidogo, peke yake. Muganga aliweka kijiko chini. Shangazi alikuwa ameshika kitambaa, akaendelea kupangusa meza iliyokuwa imeshakauka.

"Ni tamu?" aliuliza.

"Ukizoea."

"Basi nikuwekee ingine ya siku ya soko. Zimebaki kidogo."

Mgeni aliacha kutafuna. Alimtazama shangazi kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwetu, nikaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na kwamba labda hakufika hata thelathini.

"Apana, mama," alisema. "Siku ya soko usiniwekee. Na we pia, siku hiyo usipike."

Alikunja paketi tupu, akaitia mfukoni, akalipa, akaondoka. Soko lilikuwa baada ya siku tatu.

Shangazi alisubiri mpaka shati lile safi lipotee penye kona. Kisha alichota maji ya pipa kwa sufuria na kuyamwaga juu ya makaa. Jiko likalia na kujaa mvuke. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, na sufuria ya bugali ilikuwa bado juu ya mafiga. Nilimwona akizima moto kabla ya watu kula mara hiyo moja tu maishani.

"Funga mizigo," aliniambia. "Kesho asubuhi tunapanda Fizi, kwa kaka yangu mudogo."

"Muntu anakula makaroni kavu," alisema muganga polepole, "basi njo mji unahama?"

"Muganga, umesikia kama mi."

"Nimesikia."

"Basi twende bote."

Alizungusha kofia yake mikononi. Alisema ana wanawake wawili wa kuzalisha wiki hiyo, mmoja mtoto amekaa vibaya. Alisema pia kwamba katika vita muganga hagusi mtu na mtu hamgusi muganga. Shangazi hakumbishia, yeye aliyekuwa amebishana naye wiki nzima. Alimfungia mikeke mitatu ya kukaanga katika jani la mgomba, akampa.

Mimi sikuamini. Lazima niseme hivyo. Nilifunga mizigo kwa sababu nilizoea kumtii, lakini moyoni niliona aibu: tunakimbia kwa sababu ya maneno ya mnunuzi wa samaki. Kwa hiyo asubuhi, jirani yetu aliposimama kwenye ua na kutukuta na mizigo kichwani, sikumwonya kuhusu siku ya soko. Alikuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.

"Munaenda wapi na vitu mingi hivi?" aliuliza.

"Kilio," alisema shangazi. "Huko Fizi."

"Poleni. Nani amekufa?"

"Mutu wa upande wa baba."

Alitupa pole tena, akaturushia ndizi mbili juu ya ua kwa ajili ya njia. Tulipofika barabarani nilimuuliza shangazi kwa nini hakumwambia. Akasema, bila kusimama, kwamba tukimwambia mmoja mji wote utatoka, na mji wote ukitoka, wenye bunduki watauliza nani alianza kusema. Tulitembea siku mbili, tukalala kwa mtu njiani. Milima ilikuwa kimya. Hata watoto wa kuchunga mbuzi hatukuwaona.

Siku ya soko tulikuwa tumekaa uani kwa baba mdogo tukimenya mihogo. Mlio wa kwanza ulifika kama mlango unaofungwa na upepo. Shangazi aliacha kisu. Milio ikaja mingine, mingi, kutoka chini upande wa ziwa, na baada ya saa moja tuliona moshi, mweusi, umesimama wima. Shangazi aliingia ndani akalala akiangalia ukuta. Hakula siku mbili.

Tulirudi Baraka baada ya miezi mitano. Mgahawa ulikuwa umebaki kuta tatu. Mama wa maziwa hatukumwona tena. Wengine walisema familia yao ilivuka kwenda Burundi, wengine walisema maneno ambayo shangazi alikataa kuyasikiliza. Kuhusu muganga tuliambiwa kwamba wenye bunduki walikuja kumchukua mchana kweupe ili awatibu majeruhi wao, akachukua begi lake na kofia, akawafuata. Alikuwa amewazalisha wale wanawake wote wawili. Hakurudi. Kuhusu yule aliyetuonya sikupata habari yoyote. Sijui alikuwa wa upande gani.

Jirani alikuwa hai. Msichana wake alikuwa amepigwa risasi sokoni, akafa siku ya tatu. Nilikwenda kumpa pole, nikakaa naye juu ya mkeka. Hakulia. Aliniuliza habari za Fizi, mvua, bei ya muhogo. Kisha akasema:

"Mwalimu, mulijua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na nilikuwa na majibu mengi, mengine ya kweli.

"Apana," nilisema. "Hatukujua."

Alitikisa kichwa kama anayekubali. Akasimama, akaniletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, akasimama mbele yangu mpaka nikayamaliza yote.

Mwaka uliofuata shule ilifunguliwa tena. Madawati hayakuwepo, watoto walikaa juu ya matofali. Nilifundisha pale miaka sita, na kila asubuhi nilipita njia ya nyuma, ya mtoni, isiyopita penye ua wa jirani, ingawa ilikuwa ndefu na wakati wa mvua ilijaa matope.