Mdudu Aliyeatamia Kwenye Mtunguja

Harufu ya majani ya giligilani yakikatwa hunipandisha hasira hadi leo, nanyi msinicheke. Ni harufu ya mdudu, na mdudu yule alionewa.

Kwetu Butimba, nyuma ya nyumba ya kupanga, palikuwa na kichaka cha mtunguja kilichoota chenyewe. Chini ya jani lake nilimkuta mdudu wa rangi ya kutu, mpana kama punje ya hindi, mstari mweupe mabegani. Alikuwa ameatamia mayai kama kuku. Nilimchokoza kwa njiti ya kiberiti. Hakukimbia, aliuinamisha mgongo kuielekea njiti. Watoto walipotoka, wekundu, aliwaongoza shinani wakafyonza utomvu. Baadaye niliacha shule mapema nikazurura kuanzia Ukerewe hadi Geita, nikifunua majani kila nilikopita, wala mdudu wa aina ile sijamwona tena.

Siku zile za mtunguja nilimwita Mama aje aone. Alichutama, akasema taratibu, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Enzi hizo mitumba ilikuwa imefunguliwa njia, na Mama aliuza nguo za marobota chumbani mwetu. Kunguni wakajaa vitandani, nyumba nzima. Mama Rehema, jirani yetu, akamponda mdudu mmoja wa mtunguja, akanusa vidole.

"Si harufu ile ile ya kunguni? Mchana wanalala hapa, usiku wanatufuata."

"Huyu ana mabawa, mama," nilisema. "Wa kitandani hana. Na huyu hanywi damu." Nikachukua mwingine aliye hai, nikamweka mkononi. Alitembea hadi kwenye kiwiko bila kuuma.

"Ameshiba huyo, binti. Amekula kwangu." Wapangaji wakacheka.

Nilimtazama Mama, shahidi wangu pekee. Alikuwa akikung'uta koti. "Pulizieni tu," alisema.

Dawa ya wadudu wa pamba siku hizo iliuzwa sokoni kwa yeyote, ndani ya chupa za soda. Waliimwaga yote juu ya mtunguja. Yule mdudu mzazi hakuruka, ingawa mabawa alikuwa nayo. Wanawe walikuwa chini ya tumbo lake. Na usiku tuliumwa kama kawaida.

Kwa miaka niliamini kwamba wakubwa hawajui kutazama. Kisha nikapata kibarua cha kupakua marobota, nikafungua moja, nikawakuta kunguni wamejipanga kwenye mishono. Ndipo nikaelewa kwamba Mama alijua kunguni walikotoka. Mdudu wangu angeonekana hana hatia, wapangaji wangegeukia biashara yetu, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Nayaelewa yote hayo. Lakini angeweza hata kuninong'oneza.