Nyanya Afufuka Mlangoni

Jamani, leo nimemuua nyanya yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tumeanza mafunzo ya udaktari wa familia hapa Changamwe. Kila daktari mpya akaambiwa aeleze kilichomleta.

Mmoja alikuwa muuguzi huko Miritini. Mwingine alimuuguza babake aliyepooza mpaka akafa.

Mimi niliomba kusomea upasuaji, nikakosa nafasi. Basi.

Lakini ningesemaje hayo baada ya yule wa babake?

Nikasema nyanya aliyenilea Chaani aliuawa na sukari kwa kukosa daktari wa kumfuatilia. Mwalimu wetu akafuta machozi. Wallahi, hata mimi yalinilengalenga.

Tulipotoka kwenda chai, mlangoni kasimama bibi wa buibui na bakuli la mahamri.

"Mimi ndiye nyanyake huyu," akawaambia wote. "Nimemlea mwenyewe."

Mwalimu akanigeukia. "Daktari, una nyanya wangapi?"

"Mmoja," nikajibu, macho chini.

Nyanya akanivuta kando, nikamwambia yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu," akasema, "kukosa nafasi si aibu. Mimi niache nife siku yangu."

Kesho nitawatazamaje wale watu? Niambieni.